Shangazi Aliyekirudisha Kibuyu

Kama kuna mtu Gonja nzima, kule milimani Same, aliyeijua dengelua, ile pombe ya miwa, ni Ernesta. Na hapa hatusemi kuijua kwa kuisikia. Aliipika, akaiuza, akaionja ikianza kuchacha, akaionja imeiva, kisha akaionja tena kuhakikisha ile mara ya kwanza ulimi haukumdanganya. Watu walimsifu kwamba anakunywa kama mwanamume, naye sifa hiyo akatembea nayo kifua mbele miaka nenda miaka rudi, mpaka macho yake yalipogeuka manjano, miguu ikavimba, na tumbo likawa linatangulia kuingia mlangoni kabla mwenyewe hajafika.

Hospitalini alipokewa na Sista Shamsa, muuguzi mfupi wa Same mjini, asiye na muda wa kubembeleza watu wazima.

"Mama, nani alikudanganya kwamba unakunywa kama mwanamume?"

"Mbona watu wote wanasema."

"Ini lako halina habari hiyo. Mwili wa mwanamke hauna maji mengi kama wa mwanamume. Kikombe kilekile akinywa kaka yako na ukinywa wewe, kwako kinakuwa kikali zaidi, na ini lako linaharibika mapema kuliko lake. Tena kwa umri wako, siku zako zimeshakoma, mifupa inapungua nguvu yenyewe, wewe unaipunguzia zaidi kwa pombe. Bahati yako umekuja kabla mambo hayajaharibika kabisa. Ukiacha, utapata nafuu. Sikusema upunguze. Uache."

"Hata kuonja?"

"Wewe umewahi kuonja ukaishia kuonja?"

Swali gani hilo la kumuuliza mtu mgonjwa! Ernesta alilazwa, na siku zile za mwanzo mwili ulimtetemeka mpaka kitanda kikawa kinapiga kelele, wagonjwa wenzake wakamwomba Sista amhamishie wodi nyingine. Wakampa dawa, wakamkalisha, akatulia. Siku ya kutoka, Sista Shamsa akamwambia kila asubuhi atembee kwa kasi hadi jasho limtoke, misuli irudi, mifupa ikaze, na ile hamu ya pombe ikija imkute hayupo, yuko njiani.

Sasa we fikiria. Mlimani kule nani anatembea haraka mikono mitupu? Mwanamke akipandisha kilima ana kuni, ana mkungu wa ndizi, ana ndoo, au ana mtoto mgongoni. Anayepandisha mbio bila mzigo, khanga kaikaza kiunoni na uso kaukunja, huyo anawahi msiba. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo siku ya kwanza Ernesta alipotoka na raba zake za mtumba alizozinunua mnadani Same, jirani wa kwanza kumwona alitupa jembe.

"Nani tena jamani?"

"Natembea tu!" Ernesta akajibu huku anahema. Jirani akaisikia sauti ile imekatika, akajua mwenzake ameshindwa hata kulitaja jina la marehemu. Akajifunga khanga akamfuata. Wa pili akamfuata wa kwanza, na wa tatu hakuuliza kitu, alipita dukani tu kuchukua mchele wa kupeleka. Ernesta alipofika kanisani juu na kugeuka, alikuta kundi zima la wanawake nyuma yake, mmoja ameshaanza kulia kwa sauti.

"Marehemu ni nani?" wakamuuliza.

"Nusura niwe mimi," Ernesta akasema, na akawaeleza.

Walimsema vya kutosha, yule wa mchele ndiye aliyesema zaidi. Lakini jasho lilikuwa limeshawatoka na miguu imeshapata moto, wakashuka naye wakicheka, na keshoye baadhi yao wakajileta wenyewe. Mmoja alikuwa na kisukari, mwingine magoti, mwingine mume asiyenyamaza. Hivyo ndivyo Ernesta alivyoanza kupona, na alipopona kidogo uso ukamrudi, akatambulika.

Basi mambo yamekaa vizuri, mara ikaja posa ya Irine.

Irine alikuwa binti wa Zephania, kaka yake Ernesta, na alikuwa mwalimu wa chekechea Same mjini. Ernesta hakujaliwa mtoto, kwa hiyo Irine alikuwa wake kwa kila kitu isipokuwa cheti cha kuzaliwa. Kijana mposaji aliitwa Rodrick, fundi wa sola kutoka Ugweno, kijana mpole. Tatizo halikuwa kijana. Tatizo lilikuwa kibuyu.

Katika ukoo wa akina Ernesta, posa haipokelewi na wanaume. Wanaume wanaongea, wanakohoa, wanapanga na kupangua, lakini anayempokea mkwe ni shangazi wa binti. Analetewa kibuyu cha ukoo kimejazwa pombe waliyoileta wageni, anakunywa mbele ya watu wote, anamtazama kijana, anasema, "Huyu nimempokea." Akikirudisha kibuyu bila kunywa, hakuna anayemuuliza sababu. Wageni wanainuka wanakwenda zao, na binti anabaki kwao. Na shangazi wa Irine alikuwa mmoja tu, huyu mwenye ini bovu.

"Dada, funda moja tu," Zephania alimwomba.

"Zephania, funda moja kwangu halijawahi kuzaliwa peke yake."

"Basi tuwaambie wageni nini?"

"Waambie ukweli. Niliugua pombe, nimeacha."

Zephania alishika kichwa. Awaambie watu wa Ugweno, waliovuka wilaya kuja kuposa, kwamba shangazi wa binti alikuwa mlevi wa kulazwa? Si watasema ni ya damu, kesho na Irine atafuata! Akazunguka uani, akakaa, akainuka, halafu akasema kwa sauti ya mtu aliyepata ufunuo, "Niachie mimi. Hili ni la wanaume."

Ernesta alipaswa kuogopa papo hapo.

Zephania alikwenda kuteta na mwinjilisti wa mtaa, Nathanaeli, mtu mwema sana, aliyezaliwa, kubatizwa na kuzeeka bila kuonja tone la pombe. Wakakubaliana kwamba pombe ya wageni itapokelewa, madumu yote yapelekwe ndani, na kibuyu kitakachotoka kitakuwa na juisi ya miwa tupu. Rangi ni ileile, nani atajua? Ernesta atakunywa, atasema maneno yake, mambo yamekwisha. Na kwa huruma yao wakaona wasimhusishe Ernesta katika kukamua miwa, asije akajiwa na tamaa kwa kunusa tu. Ndiyo maana asubuhi ya posa Zephania alimnong'oneza jambo moja tu: "Kibuyuni ni juisi. Wewe kunywa kwa raha zako."

Ernesta akamshukuru Mungu, akavaa gauni lake la kitenge, akatulia.

Wageni walifika mchana wamechoka na barabara. Baba wa kijana, Mzee Eliufoo, alikuwa na koti zito lisilojali joto na maneno mengi zaidi ya koti. Alisimulia walivyoshuka Ugweno, walivyopita Mwanga, walivyopita Same, na mahali gari lilipotoboka tairi, yote hayo kabla hajakaa. Mkewe, Mama Hedwiga, hakuwa na maneno. Alikuwa mwanamke mpana, kavaa gauni la kupendeza la satini, na chini kandambili. Wanawake wenyeji walipomletea soda aliisogeza pembeni kwa upole.

"Mimi nitachukua hiyohiyo ya wazee," akasema.

Wakamletea. Akaimaliza bila haraka, kikombe kikarudi kujazwa, hakuna aliyeshangaa. Ernesta peke yake ndiye aliyemtazama. Alizitazama zile kandambili, na jinsi mikanda yake ilivyozama kwenye nyama ya miguu. Kisha Mama Hedwiga alipoinua uso kumshukuru aliyemjazia, Ernesta akayaona macho. Rangi ile aliijua. Aliwahi kuiona kila asubuhi kwenye kioo chake mwenyewe, na moyo ukamwuma.

Hotuba zikaisha, kwa shida. Irine alikuwa chumbani kama desturi, haruhusiwi kuonekana wala kusikika, ingawa pazia la chumba lilikuwa linatikisika kuliko upepo uliokuwepo. Ernesta akawekwa katikati kwenye kigoda. Rodrick akapiga magoti mbele yake. Zephania akatoka ndani amekibeba kibuyu kwa mikono miwili, anatabasamu kama mtu aliyemaliza mtihani mapema.

Kibuyu kilipotua kwenye mapaja ya Ernesta, kizibo kikaruka chenyewe. Puu! Kikampita Mzee Eliufoo sikioni.

Harufu ikapanda. Na Ernesta, ambaye pua yake ilikuwa imesomea jambo hilo maisha yake yote, akajua.

"Zephania," akanong'ona bila kutikisa midomo, "hii mlikamua lini?"

"Jana jioni. Mwenye mashine alikuwa na nafasi jana tu."

"Mkaiweka kwenye nini?"

"Humohumo kibuyuni. Nikakiegesha jikoni karibu na moto, isipate baridi."

Loo! Kibuyu cha ukoo! Kibuyu ambacho hakijawahi kuona maji tangu babu yao alipokitoboa, maana kukiosha ni mwiko, chenye chachu ya posa zote iliyojibandika kwenye kuta zake! Ukikitia juisi jioni ukakipa na joto la jiko, kitafanya nini kingine? Mwanamke yeyote mlimani angewaambia. Lakini wanaume wa nyumba ile walikuwa wanaijua dengelua kuanzia kikombeni kwenda mbele, na mpishi pekee waliyekuwa naye walimficha kwa huruma.

"Imechacha," Ernesta akasema. "Hii ni pombe."

"Ni juisi, dada! Nimekamua mwenyewe!"

Mzee Eliufoo akakohoa. Wageni walianza kuangaliana, na Rodrick, magoti yamemchoka, akahamishia uzito upande wa pili. Ndipo mwinjilisti Nathanaeli, alipoona mambo yanakwama, akajitosa kuokoa jahazi. Akatangaza kwamba kibuyu kinahitaji kuombewa, akakichukua, akageukia ukuta, na katikati ya maombi akapiga funda la uchunguzi.

"Juisi," akamnong'oneza Zephania. "Ina gesi kidogo, kama soda."

"Una hakika?"

Nathanaeli alikuwa mtu wa haki, hakupenda kushuhudia jambo asilo na hakika nalo. Akapiga funda la pili. Kisha la tatu, hilo refu.

"Juisi nzuri kabisa," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Bwana asifiwe! Sijawahi kunywa juisi kama hii!"

Akamrudishia Ernesta kibuyu, akakosea kiti chake, akakaa cha mgeni. Akaanzisha pambio lisilokuwa kwenye ratiba, akaimba ubeti wote peke yake akipiga makofi, akawaka uso mzima. Wageni, kwa heshima, wakamwitikia. Mtu mmoja upande wa Ugweno akasema kwa sauti ya chini kwamba Wakristo wa huku wana moto.

Ernesta hakucheka. Kibuyu kilikuwa mikononi mwake na harufu ilikuwa inampanda mpaka nyuma ya macho. Mate yakamjaa. Wacha watu waseme wanavyosema, hamu ile haijali umepona au hujapona, ilikuwa imekaa humo ndani inamsubiri kama mbwa mlangoni. Na kibaya zaidi, hakuna ambaye angemlaumu. Kaka yake ameapa ni juisi. Mwinjilisti ameshuhudia ni juisi mbele ya Mungu. Akinywa, amedanganywa, maskini, kosa si lake. Irine anaolewa, wageni wanafurahi, na yeye anapata kibuyu kizima bila dhambi. Katika maisha yake yote hakuwahi kupewa pombe ya namna hiyo, na mikono yake ikakiinua kibuyu kidogo, yenyewe, bila kutumwa.

Akamwangalia Mama Hedwiga ng'ambo ya pili. Mama yule alikuwa anakitazama kibuyu, si mtu. Alikuwa anakitazama kwa njaa ileile.

Ernesta akakiweka kibuyu chini.

Wote wakaacha kuitikia pambio, isipokuwa Nathanaeli, aliyebakiza ubeti mmoja.

"Shangazi amekataa?" Mzee Eliufoo akauliza.

"Sijamkataa kijana. Nimekataa pombe." Akawageukia wote. "Wageni wetu, mniwie radhi. Mimi nilikuwa mlevi. Si mnywaji, mlevi. Nilikunywa mpaka macho yakawa manjano na miguu ikavimba, viatu vikanikataa. Nikalazwa hapohapo hospitali mliyopita mkija. Ini langu likapewa nafasi moja, nami nimeishika. Kaka yangu akanionea aibu, akanitilia juisi, na juisi yake imechacha. Nikimeza hii leo nitarudi kuinywa kesho, na huyo Irine badala ya kunialika harusini atanizika. Nampenda kuliko desturi yetu. Mkiona tumewavunjia heshima, nimewavunjia mimi, si binti."

Zephania alifunga macho. Nyuma ya pazia kikasikika kilio kidogo, kikazibwa na kiganja.

Mzee Eliufoo akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Sisi tumetoka mbali," akasema. "Tuliambiwa kibuyu kikirudi, mgeni anaondoka. Basi kibuyu kimerudi. Mama Rodrick, inuka twende."

Mama Hedwiga hakuinuka.

"Mama Rodrick!"

"Kaa chini, Eliufoo," akasema. Mzee yule alionekana hajawahi kuambiwa maneno hayo mbele ya watu, maana alikaa. Mama Hedwiga akamgeukia Ernesta. "Shangazi, hiyo miguu yako. Ilipovimba, ukiibonyeza ilikuwaje?"

"Kidole kilikuwa kinaacha shimo."

Mama Hedwiga akavuta pindo la gauni la satini, akainama kwa taabu, akaubonyeza muundi wake kwa kidole gumba. Akakiondoa. Shimo likabaki pale, kila mtu akaliona.

"Nilisema ni uzee," akasema. "Baba Rodrick yeye anasema ni kukaa sana garini."

Ernesta akatoka kwenye kigoda, jambo ambalo shangazi haruhusiwi, akaenda kuchuchumaa mbele yake. "Tangu lini, dada yangu?"

"Miguu ni mwaka huu. Pombe ni tangu huyu Rodrick anaanza sekondari. Naficha kwenye chupa ya chai." Akajaribu kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine. "Kila siku nasema kesho. Nikijaribu kuacha asubuhi natetemeka, mchana narudia. Nilidhani ni mimi peke yangu. Mwanaume akilewa anaimba njiani watu wanacheka naye, lakini mimi ningemwambia nani?"

"Umeniambia mimi. Na usijaribu tena kuacha peke yako kwa ubabe, kule kutetemeka kunaua. Leo hamrudi Ugweno. Unalala kwangu, asubuhi tunakwenda kwa Sista Shamsa, na jiandae, ana mdomo."

"Mama," mtu akasema.

Alikuwa Rodrick. Mposaji naye haruhusiwi kusema neno wala kuondoka alipopiga magoti mpaka apokewe, na alikuwa ameambiwa hivyo tangu Ugweno. Akainuka. Suruali yake mpya ilikuwa na vumbi magotini. Akawapita wazee wote bila kuwaangalia, akamwendea mama yake, akakaa chini sakafuni, akaipakata ile miguu iliyovimba, kandambili na yote, akawa anaisugua polepole kwa viganja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, wala hakumlaumu mama yake kwa neno lolote.

"Nilikuwa naijua ile chupa ya chai, mama," akasema. "Nilikuwa naona aibu kukuuliza. Kesho nakwenda na nyinyi."

Nathanaeli akainuka kwenye kiti cha mgeni, akarudi chake.

Ernesta akamtazama kijana yule kwa muda, kama shangazi anavyotakiwa kumtazama. Kisha akasimama, akawageukia wazee wa pande zote mbili.

"Huyu," akasema, "nimempokea."